Gari lililokuwa la kukodishia watalii: ulinunue au ulikodi kwa mwezi?

Masika yakikaribia, barazani Unguja huanza maneno yale yale: "Kuna Escudo inauzwa, ilikuwa ya watalii, haijatembea." Bei nzuri, rangi inang'aa, na ukichungulia dashibodi kilomita kweli ni chache. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilikuwa na pesa mkononi na haraka kichwani. Nikanunua RAV4 kwa kampuni moja ya kukodisha magari. Mwezi wa nne, bomba la petroli likatoboka kwa kutu karibu na Kitogani, saa mbili usiku, tunarudi Makunduchi na watoto wamelala nyuma. Fundi aliyekuja kulala chini yake alitoka na kiganja kimejaa maganda ya kutu, akaniuliza: "Mzee, gari hii ilikuwa ikienda kuvua?"

Baadaye nilinunua jingine la aina hiyo hiyo, na hilo ninalo mpaka leo. Yaliyobadilika kati ya ununuzi ule wa kwanza na wa pili ndiyo ninayoyaandika hapa. Yanamkusudia mtu wa Unguja au Pemba anayetaka gari la kazi na familia, na yuko njia panda: anunue gari lililostaafu kukodishwa, au akodi kwa mwezi na kumwachia mwenyewe gari lake na maradhi yake.

Hesabu siku, usihesabu kilomita

Wenzetu wa Marekani husifu sana magari ya kuazimia. Mteja akipeleka gari lake kwa wakala kufanyiwa sevisi, wakala humwazima jingine atembelee. Baada ya miezi kadhaa na kilomita elfu chache, lile la kuazimia huuzwa kwa bei iliyoshuka, au hukodishwa kwa mkataba wa miaka miwili mitatu. Huko mtego mkubwa ni dhamana ya kiwanda: huanza kuhesabiwa siku gari lilipoingizwa kazini, si siku ulipolichukua wewe, kwa hiyo sehemu yake imeshaliwa. Hapa kwetu dhamana ya kiwanda ni hadithi. Gari letu limetoka Japani likiwa na umri wake, likafanyishwa kazi ya utalii, ndipo likafika kwako. Ndugu wa karibu wa lile la kuazimia ni Escudo, RAV4 au Noah ya kampuni ya kukodisha. Ushauri wa "kilomita chache, chukua" ukiuhamishia Unguja utakuponza.

Kisiwa hiki hakifiki kilomita 90 kwa urefu. Mtalii hulipokea gari uwanja wa ndege, akaenda Nungwi, kilomita kama 60, akaliegesha kwenye mchanga nyuma ya hoteli, naye akaenda zake kuogelea siku tano. Anaporudi dashibodi imeongezeka kilomita 150, lakini gari limelala usiku tano hatua chache kutoka majini, upepo wa kaskazi ukilipaka chumvi. Na kule Paje, maji yakipwa, wapo wanaolishusha pwani kabisa ili wapige picha. Kilomita zile ni za kweli, hakuna aliyezichezea. Ila chumvi haihesabu kilomita, inahesabu siku.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: limekodishwa misimu mingapi, na lilikuwa likilala wapi? Gari lililofanya kazi ya kupeleka na kurudisha wageni likilala mjini si sawa na lililokuwa likikaa Jambiani au Matemwe mwaka mzima. Atakayebabaika kulijibu swali hili ameshakujibu.

Piga hesabu ya miezi

Kabla hujaenda kutazama gari lolote, jiulize utalihitaji kwa miezi mingapi. Watu wengi huanzia kwenye bei, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

Chukua mfano huu. Namba ni za kuonyeshea njia tu, wewe weka zako. Gari linauzwa milioni 16. Dalali na gharama za kubadilisha kadi, laki tano. Matengenezo ya kuanzia milioni 1.8, kwa sababu gari la kukodishwa halikosi kudai matairi na bushi. Bima kubwa na ada za mwaka, laki saba. Sevisi na vidogo vidogo, laki moja kila mwezi. Upande wa pili, mwenye gari anakukodishia kwa 850,000 kwa mwezi, sevisi na bima juu yake. Petroli siiweki, maana kote unalipa wewe.

Ukikaa nalo miezi sita kisha ukaliuza milioni 13.5, utakuwa umetoa milioni 19.6 na kurudishiwa 13.5. Limekula milioni 6.1. Kukodi miezi hiyo hiyo kungekula 5.1. Ukikaa mwaka mmoja na kuliuza milioni 12.5, limekula 7.7, na kukodi kungekula 10.2. Miaka miwili, bima na ada zikilipwa mara mbili, tuseme unaliuza milioni 11: kununua 11.1, kukodi 20.4. Katika mfano huu mizani inageuka karibu na mwezi wa nane.

Mwenye mkataba wa kazi wa miezi sita hapa, au anayengoja gari lake lililopo melini, akodi tu. Anayejua atakuwepo miaka miwili, kukodi ni kumjengea mwenzake nyumba. Ila usisahau kwamba milioni 16 zikiwa ndani ya gari hazimo dukani. Mfanyabiashara wa Darajani ambaye pesa hiyo inamzungukia kila mwezi anaweza kuona kukodi ni nafuu hata mwaka mzima, na sitambishia.

Likodi lile lile unalotaka kulinunua

Hili ndilo nililolijua nikiwa nimechelewa. Kukodi na kununua si lazima viwe vitu viwili vinavyogombana. Gari limeshazoea kukodishwa na mwenyewe ana mikataba tayari mezani. Kwa nini usilikodi wewe wiki mbili au mwezi, kwa bei ya mwenyeji na si ya mgeni, ndipo uamue?

Wakati mzuri ni Aprili na Mei. Wageni wamepungua, magari yamepangwa ukutani, bima inakaribia kwisha, na mwenyewe anataka pesa. Mwambie wazi: nalikodi mwezi mmoja, nikiridhika nanunua, na ada ya kukodi itolewe kwenye bei. Wapo wanaokubali yote, wapo wanaokubali nusu. Bei ya kununua iandikwe siku hiyo hiyo, isije ikapanda ukishalipenda. Hata akikataa kutoa chochote, 850,000 kwenye gari la milioni 16 ni kama asilimia 5. Bomba langu la Kitogani na yaliyolifuata yalinila zaidi ya hapo.

Katika siku hizo liishi kama litakavyoishi nawe. Liwashe alfajiri likiwa baridi kabisa, usimwachie muuzaji akuletee limeshapata moto. Tandika boksi safi chini yake usiku, asubuhi utaona kama linavuja na linavuja nini. Liweke kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana na kiyoyozi kimewashwa, macho kwenye mshale wa joto. Jaza tangi, tembea kilomita mia, jaza tena, utajua linakunywa kiasi gani. Na mvua ya masika ikushukie ukiwa ndani: paa la juu, mipira ya milango na zulia la miguuni vitasema vyenyewe.

Nilikodi mawili kabla sijanunua la pili. Lile la mwanzo lilikuwa zuri wiki nzima, na siku ya kumi na moja, nikitoka Kinyasini, gia boksi ikaanza kugonga kila inapoingia gia ya pili ikiwa moto. Kwa nusu saa ya kulijaribu mtaani nisingelijua hilo hata siku moja. Nililirudisha, nikalipa haki yake, tukaagana vizuri.

Aliyeko Pemba na gari liko Unguja ana kazi zaidi. Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima. Gia boksi inayojificha barabara ya Fuoni hujitangaza kwenye milima ya njia ya Chake hadi Wete, na brekimkono vilevile. Ukiweza, makubaliano yako ya kukodi yaruhusu gari livuke na meli. Usipoweza, angalau fundi alikague huku kabla halijafika bandari ya Mkoani, maana kulirudisha ni nauli nyingine na ugomvi mwingine.

Siku ya fundi

Fundi awe wako, umlipe wewe, na asiwe yule aliyependekezwa na dalali. Gari lipandishwe juu au liingizwe kwenye shimo. Kama muuzaji anasema "hakuna haja, gari safi hili", hapo ndipo penye haja.

Anzeni chini. Mabomba ya breki na ya petroli, sehemu zinaposhikia shokapu, kingo za ndani za matao yaliyo juu ya matairi, na chesisi yenyewe. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa chini ya gari la miaka kumi na tano haikupakwa kwa mapenzi. Gongeni kwa bisibisi. Kutu ya juu juu hupanguswa, lakini ikibonyea mlango wa bei umefungwa, ondokeni. Ndani, inueni zulia upande wa miguu ya abiria na kwenye tairi la akiba. Mkikuta mchanga mweupe mwembamba pamoja na unyevu, ujue gari limewahi kuoga. Kutu ya soketi za umeme huja pole pole, taa moja leo, sensa nyingine kesho, nayo ni pesa isiyo na mwisho.

Halafu tazameni upande wa kushoto. Mgeni kutoka Italia au Ujerumani amezoea kukaa kushoto mwa gari. Hapa anawekwa kulia, na nusu nzima ya gari iko upande asiouzoea kuupima. Ukingo wa barabara, mnazi, jiwe la geti la hoteli, vyote huishia kushoto. Rimu za kushoto zilizokwaruzika, kioo cha pembeni kisichofanana na mwenzake, bolijointi na mkono wa chini wa mbele kushoto, hivyo ndivyo vya kwanza kwangu. Puti, ile ya kujazia bodi iliyobonyea, mtaijua kwa sumaku: haishiki palipojazwa. (Wipa nazo huwa zimechakaa kuliko kawaida. Gari la Japani lina indiketa kulia, na mgeni kila akitaka kukata kona anajikuta anafuta kioo kikavu.)

Escudo za 1998 hadi 2005 zina jambo lao. Foowili yake, yaani kusukuma kwa matairi yote manne, ni ya kuweka na kutoa, haina difu ya katikati ya kuyaachia matairi ya mbele na nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo ikiachwa imewekwa kwenye lami, matairi ya mbele na nyuma hubishana na mzigo wote unaingia kwenye gia boksi ndogo ya foowili. Mgeni aliyeiweka kwa ajili ya mchanga wa Michamvi mara nyingi husahau kuitoa, akarudi nayo hadi mjini. Jaribuni kuiweka na kuitoa mara kadhaa kwenye mchanga, sikilizeni mlio, kisha mkate kona kali polepole kwenye lami ikiwa imetolewa. Ikivuta au kugonga, kuna kilicholiwa humo. RAV4 za mwanzo zenye injini ya 3S hutumia mkanda wa taimingi, nao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kampuni ya kukodisha ikikwambia umebadilishwa, iulize lini na risiti iko wapi. Zilizofuata zenye 1AZ hutumia cheni.

Matairi yasomeni tarehe. Pembeni kuna namba nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kukodishwa laweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri juu ya matairi yaliyozeeka kwa jua.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: huenda gari lilikuwa la kukodishwa mara mbili, huku na huko. Japani magari ya kukodisha huvaa namba zenye herufi yao maalumu, "wa" au "re". Namba hizo huondolewa gari likisafirishwa, lakini karatasi ya mnada ina mahali pa kuandikwa historia ya gari, kama lilikuwa la mtu binafsi au la kukodisha, na alama ya R au RA kwa lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha kusafirishia nje nacho huonyesha kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi. Kama mwenyewe bado ana karatasi hizo, ni dalili njema tosha kabla hata hujazisoma.

Karatasi za hapa

Jina lililo kwenye kadi na anayepokea pesa wawe mmoja. Kama gari ni la kampuni, taka barua ya kampuni inayomruhusu aliyesimama mbele yako kuuza, na pesa ilipwe kwenye akaunti ya kampuni. Kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, malipo yafanyike mbele ya benki. Nendeni pamoja usajili wa vyombo vya moto kabla ya kumaliza malipo, siyo baada.

Kuna magari ambayo hoteli na wawekezaji waliyaingiza kwa msamaha wa ushuru. Gari la msamaha likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru ule unaamka na kudaiwa. Uliza, na jibu liwe kwa maandishi ya forodha. Na kama una mpango wa kulivusha Bara siku za mbele, nenda TRA uulize sasa utadaiwa nini, kabla hujanunua.

Bima ya gari la kukodisha huwa ni ya biashara, na ikiwa imebaki miezi minne usidhani umerithi. Mwambie wa bima gari limebadilisha mwenyewe na matumizi. Stika yenyewe unaweza kuihakiki kwa simu kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari.

Ukiamua kukodi

Mkataba wa mwezi ni mfupi, lakini usikubali ukurasa mmoja wa kuwekea saini tu. Yaandikwe haya: nani anafanya sevisi na kila baada ya kilomita ngapi, tairi likipasuka nani analipa, gari likilala gereji zaidi ya siku mbili unapewa jingine au siku zinakatwa, kilomita zina kikomo au hazina, bei iwe kwa shilingi, maana dola ikipanda utashangaa. Kikubwa zaidi ni bima. Gari lililokatiwa bima ya mtu binafsi huku likikodishwa, siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na aliyekuwa kwenye usukani ni wewe. Amana iandikiwe risiti, na kabla ya kuondoka zunguka gari na simu ukipiga video, chini kwenye rimu pia.

Lile la "ukimaliza ni lako"

Mkataba wa kulipa hesabu mpaka gari liwe lako unavutia, na kwa dereva asiye na mtaji huenda ndio mlango pekee. Tatizo ni kwamba kadi inabaki kwa mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, na nimeona mtu aliyebakisha miezi mitatu akanyang'anywa gari kwa kuchelewa wiki mbili. Wekeni kwenye maandishi kwamba ukishindwa, kiasi fulani cha ulicholipa kinarudi, na kwamba mwenyewe akifariki warithi wanafungwa na mkataba. Kwa anayechunga mambo ya riba, wanavyuoni wa mas-ala haya hutaka ijara isimame peke yake na ahadi ya kuuza iandikwe kando, si kuchanganya mauzo na kukodi katika mkataba mmoja. Benki zenye huduma za Kiislamu, PBZ ikiwemo, hufuata njia ya murabaha pia: benki inanunua gari kisha inakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Uliza kwanza umri wa gari wanaoukubali. Escudo ya mwaka 2000 mara nyingi haitapita.

Bei, na wiki ya kwanza

Ukifika kupatana, usibishane kwa maneno. Weka mezani orodha ya fundi: matairi manne kiasi hiki, bushi hiki, mabomba ya breki hiki. Jumla itoke kwenye bei. Muuzaji wa gari la kukodisha ni mfanyabiashara, anaelewa namba kuliko manung'uniko. Mimi la pili nililipata milioni moja na laki mbili chini ya bei ya mwanzo kwa karatasi moja ya gereji, na mwezi niliokodi ukakatwa nusu.

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na ya gia boksi, hata ukiambiwa zimebadilishwa juzi. Peleka likaoshwe chini kwa maji matamu, likauke siku mbili, ndipo lipuliziwe dawa ya kutu ndani ya mashimo ya chesisi, sio juu tu. Kila ukitoka pwani lioshe chini. Na ukifika Nungwi egesha kwenye lami, utembee kwa miguu hizo hatua zilizobaki.